Mgonjwa Asilaumiwe kwa Mawazo Yake

Tumezoea tunapomzuru mgonjwa kumwambia: "Punguza mawazo, ndiyo yanayokuumiza." Kauli hii hutolewa kwa huruma, na ndani yake mna ukweli. Lakini ukweli huo una mpaka wake, na auvukaye humtwika mgonjwa mzigo wa pili: juu ya maradhi, lawama kwamba ameyaleta mwenyewe.

Tuanze na yaliyothibitika. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitangaza utafiti uliofanyika Uingereza. Watu 394 wenye afya walihojiwa kuhusu dhiki za maisha yao, kisha wakatiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Miongoni mwa wenye dhiki chache kabisa, takriban 27 katika kila 100 waliugua. Miongoni mwa waliolemewa zaidi, takriban 47. Tabia zao pia zilipimwa, kama ni wachangamfu au wakimya, kama wanajithamini au la. Tabia hizo hazikuweza kuieleza tofauti ile.

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio, Marekani, waliwachunguza wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na kumbukumbu. Jeraha dogo walilotiwa kwa makusudi ya utafiti lilichelewa kupona kwa takriban siku 9, likilinganishwa na la wanawake wengine 13 wasiokuwa na jukumu hilo. Ni nani kati yetu asiyemjua mwanamke wa namna hii? Anakesha na mzee, anamgeuza kitandani, anafua mashuka alfajiri. Wageni huingia, humjulia hali mgonjwa, hunywa chai aliyoipika yeye, na kuondoka pasipo hata mmoja kumwuliza yeye amelalaje.

Sababu yake inafahamika kwa sehemu. Mtu akipatwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humimina homoni, mojawapo ikiwa kotisoli. Kwa muda mfupi hilo lina manufaa. Mwaka 2004 Segerstrom na Miller, baada ya kukusanya tafiti karibu 300, walionyesha kwamba dhiki ya dakika chache huamsha baadhi ya askari wa kinga ya mwili, ilhali dhiki ya miezi na miaka huidhoofisha kinga hiyo. Basi si kila wasiwasi ni sumu.

Lakini kutoka mafua na jeraha hadi kusema kwamba saratani huwapata watu wa tabia fulani, hiyo ni safari ndefu mno. Hans Eysenck na Ronald Grossarth-Maticek walidai hivyo, na madai yao yakaenea. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London ulizitaja makala 26 za wawili hao kuwa si za kutegemewa. Hata hivyo bado tunawasikia watu wakimwambia mama mwenye saratani ya matiti kwamba imempata kwa kuweka mambo moyoni. Wengine huongeza kwamba angekuwa na subira angalikwisha pona. Hao wamsahau Nabii Ayubu (a.s.), ambaye ndiye mfano wa subira, naye aliugua!

Mwaka 1997 Cohen alirudia jaribio la mafua kwa watu 276, akaona kwamba wenye mahusiano ya aina nyingi, ya jamaa, majirani, wenzao wa kazini na wa ibada, waliugua kwa uchache zaidi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kazi yetu. Tuulizane katika kila mtaa ni nyumba ipi ina mgonjwa wa muda mrefu na ni nani anayemwuguza, kisha tugawane zamu za usiku, ili binti yule alale walau siku mbili kwa juma, na dawa za hospitali ziendelee kutolewa kwa saa zake.