Mama, Wewe ni Kapita wa Mwili Wako

Mama msomaji, maneno haya ni yako wewe usiye na bwana wa kazi. Ni yako wewe unayeuza unga sokoni Kolwezi, wewe unayepika bukari na sombe katika malewa kando ya barabara, wewe mwenye cherehani, wewe unayesafiri mpaka Kasumbalesa kutafuta vitu vya kuuza, na wewe unayeosha mawe ya madini mtoni. Hakuna aliyekuandika kazi, wala hakuna anayekulipa mwisho wa mwezi. Unajituma mwenyewe, na jioni unahesabu mafranga yako mwenyewe. Hiyo ni heshima. Lakini ina hatari yake, nayo ni hii: mama anayejituma mwenyewe aweza kuwa kapita mkali kuliko makapita wote.

Fikiri juu ya miji yetu ya shaba ilivyokuwa zamani. Wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, na baada ya serikali kuitwaa kampuni ile mwaka wa 1967, ikaja kuitwa Gécamines, mfanyakazi aliitwa kazini kwa king'ora. Alimaliza saa zake, king'ora kikalia tena, akarudi nyumbani. Kazi ilikuwa ngumu, na kampuni haikuwa na huruma siku zote. Lakini saa ya kuacha ilijulikana na watu wote.

Kisha mambo yakaharibika. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata mishahara ilichelewa sana. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Je, ni nani aliyeishika nyumba? Mara nyingi ni mama. Alichukua beseni lake kichwani akaenda sokoni, na kwa beseni lile watoto walikula, wakasoma, wakapata dawa. Tusisahau jambo hili. Lakini tuone na hili pia: mama alirithi mzigo wa kampuni, ila hakurithi king'ora cha kuacha kazi.

Basi mama huyo anaamka saa kumi ya usiku. Anachota maji, anawasha makala, anawaandaa watoto, anakwenda sokoni. Jioni anarudi, anapika, anafua, anahesabu madeni, analala saa tano au saa sita. Kesho ni vile vile. Jumapili mchana, watu wengine wakipumzika, yeye anapanga vitu vya Jumatatu. Ukimwuliza ni nani aliyemwamuru, atajibu: «Ni maisha.» Ni kweli, umaskini ni bwana mkali, wala simlaumu mama huyu. Lakini nasema kwamba mwili wake hauwezi kuendelea hivyo miaka na miaka, na biashara yake pia haiwezi.

Kuna uchovu wa kawaida, ambao unaondoka ukilala vizuri usiku mmoja au mbili. Tena kuna uchovu mwingine unaobaki. Mwaka wa 1974 mtaalamu mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya uchovu huu. Aliowaona wakianguka hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitoa kwa kazi kwa moyo wote. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza alama zake tatu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha. Ya pili, moyo umeiacha kazi, na mtu anaichukia. Ya tatu, kazi yenyewe haifanyiki vizuri kama zamani.

Zitafute alama hizi katika siku zako. Je, unaamka asubuhi ukiwa umechoka kama ulivyolala? Je, mteja akiuliza bei unaona hasira, na watoto unawagombeza bila sababu? Je, unakosea kurudisha chenji, unasahau ni nani mwenye deni lako, unaacha unga unyeshewe na mvua? Mama akifika hapo, saa anazoziongeza hazileti faida tena. Zinaleta hasara.

Shirika lile halikuuita uchovu huu ugonjwa. Liliuita jambo linalotoka katika kazi, yaani linatokea mkazo wa kazi unapodumu bila kutulizwa. Kwa hiyo hakuna sindano ya kuuponya. Najua mama wengi wakichoka wananunua vitamini, au wanaomba kutundikiwa serumu, wakisema itawarudishia nguvu. Mafranga yanakwenda, na kesho yake mzigo ni ule ule. Wengine wanameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo. Dawa hizi ni nzuri kwa wakati wake, lakini zikimezwa siku nyingi bila kuulizwa mganga zinaweza kuumiza tumbo na figo, na kupandisha tansio. Mwenye mimba asizimeze bila kuagizwa.

Lakini usijihukumu mwenyewe na kusema, «Ni uchovu tu.» Njoo upimwe kwanza. Malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI vyote vinaweza kuanza kwa kuchoka. Tansio mara nyingi haiumi hata kidogo. Ikipimwa ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili mbalimbali, yataka kutunzwa. Tena kama moyo wako umekuwa mzito hata unatamani kufa, usingoje siku ya soko ipite. Mwambie mtu mmoja leo, uje hospitali naye leo.

Na wewe unayeosha mawe ziwani Malo karibu na Kapata, au katika mito yetu, una neno la kuongeza. Utafiti wa wataalamu wa Lubumbashi na Leuven uliotolewa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba watu wa Kasulo, mtaa uliochimbwa katikati ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa usiochimbwa, na watoto ndio waliozidi. Kwa hiyo mtoto asiletwe penye mawe. Nawa mikono kwa maji safi na sabuni kabla ya kula, na ubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Mwenye mimba asibebe mfuko. Kwako wewe, kupumzika ni pia kuwa mbali na vumbi lile.

Labda utasema: «Mwuguzi, nikikaa nyumbani siku moja watoto watalala njaa.» Ni neno la kweli, nami sitalijibu kwa kukuambia ukae tu. Nakujibu kwamba mapumziko yanapangwa kama mali inavyopangwa. Wajua likelemba. Kila mama anatoa kidogo, na kwa zamu mmoja anapokea yote. Hakuna hata mmoja ambaye angepata jumla ile peke yake kwa siku moja. Fanyeni likelemba ya mapumziko vile vile. Mama watano wanaouza karibu karibu wapatane: kila siku mmoja aende nyumbani saa saba mchana, na wanne wanaobaki wamwuzie vitu vyake na kumletea mafranga yake. Hakuna gharama, yataka uaminifu tu, na likelemba yenu imekwisha kuwafundisha uaminifu.

Tena kuna mambo madogo usiyoyahitaji ruhusa ya mtu. Kula mchana, ni aibu mpishi wa bukari kushinda na njaa. Kunywa maji, hasa wakati wa jua kali. Wengi wanajinyima maji kwa sababu sokoni hakuna choo kizuri, kisha wanapata ugonjwa wa njia ya mkojo. Ni afadhali mama wa soko wasimame pamoja kuomba choo. Lala saa saba kila usiku kadiri unavyoweza. Na unapogawa faida, baada ya fungu la mtaji na fungu la nyumba, weka fungu dogo la mwili wako: la kupimwa, la dawa, la siku ya kuugua. Mwenye lori haoni haya kununua mafuta ya lori lake.

Sasa neno kwa baba wa nyumba. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadili Kanuni ya Familia ya nchi yetu. Ile desturi ya mke kuomba ruhusa ya mume iliondolewa, na sheria inataka mume na mke wapatane. Vizuri. Basi pataneni juu ya kazi, na pataneni juu ya mapumziko pia. Kama mafranga ya mama yananunua unga wa nyumba, maji hayawezi kuwa kazi ya mama peke yake. Mkono wa mwanamume unajua kubeba bidoni. Kijana wa kiume anajua kuosha masahani.

Na neno kwa sisi wa kanisa. Tunapenda kumsifu yule mwanamke wa Mithali sura ya 31, mfanyabiashara ambaye taa yake ilikaa ikiwaka usiku. Tunamweka mbele ya mama zetu kana kwamba hakulala. Lakini someni sura ile pole pole. Mwanamke yule alikuwa na wajakazi nyumbani mwake. Hakufanya yote kwa mikono yake miwili. Haifai kumdai mama wa Manika au wa Dilala kazi ya watu wengi, kisha kumwita mvivu akichoka. Na tukiitisha mkutano wa akina mama katika alasiri moja tu waliyo nayo, tuwaulize kwanza kama ni msaada au ni mzigo mwingine.

Mama, umekuwa kapita wa mwili wako. Kapita mwema anataka kazi ifanyike, lakini anajua pia kwamba mtu aliyeanguka hafanyi kazi kesho. Jioni hii, kabla ya kuhesabu mafranga, chagua saa ya kufunga kazi. Waambie watoto, mwambie mume wako, waambie wenzako wa soko. Saa hiyo ikifika, hakuna king'ora kitakacholia. Itakubidi uinuke wewe mwenyewe, ufunike beseni lako, uende nyumbani.