MWENYE KOVU USIDHANI KAPOA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi wa Nakuru twasema ghasia ziliisha. Nyumba zimejengwa upya, maduka yamefunguliwa, na tangu Desemba 2021 mji wetu ni jiji. Lakini mimi nauliza: mbona kila uchaguzi ukikaribia tunafunga mizigo?

Agosti 2022, nikiwa shule ya msingi, mama alikunja magodoro akatupeleka kwa nyanya, Nyandarua. Jirani yetu, ambaye hutuletea mursik kila atokapo kwao, naye aliwapeleka wanawe Kericho. Kila mmoja alimwambia mwenzake ati watoto wanaenda likizo tu! Uchaguzi ukapita salama, tukarudi, na mursik ikaletwa kama kawaida. Mimi nilishindwa kumtazama yule mama usoni.

Simlaumu mama. Molo ilichomwa mwaka wa 1992, Njoro ikafuata Januari 1998, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulifika Nakuru mjini kwenyewe. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa kote nchini kuwa 1,133. Serikali iliwapa waliorudi makwao shilingi 10,000, na waliochomewa nyumba 25,000. Pesa hizo zilinunua mabati kadhaa. Uaminifu je, huuzwa duka gani?

Wapo watakaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naam, lakini utaugangaje ugonjwa usiotaka kuutaja? Darasani tunasoma vita vya Maji Maji vya 1905, lakini ya Molo, hapa karibu, wazee wetu huyanong'ona tu. Basi sisi tuliozaliwa baadaye tumerithi woga bila kurithi habari zake. Mgeni akiingia bwenini, swali la kwanza ni, "Babako anaitwa nani?" Si tunajua tunachotafuta?

Wanachama wenzangu, tuanze na swali hilo, tuliache. Nasi walimu wetu tunawaomba mtusimulie mliyoyaona, bila kuficha upande wowote.

Mimi nimemwomba mama jambo moja. Uchaguzi ujao, akiogopa, asikunje godoro kwanza. Agonge mlango wa jirani amwambie kwamba anaogopa. Huenda akapata mwenzake naye alikuwa anavaa viatu aje kumwambia hayo hayo.