Mtoto achore lengalenga kabla ya kupimwa kwa lugha

Katika shule zetu nyingi za msingi hapa Burundi, kipindi cha kuchora huhesabiwa kuwa cha kupumzika. Mwalimu huchora nyumba au ua ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, basi. Mimi ni mwalimu, na kwa maoni yangu kipindi hicho kinapotea bure. Anayepata hasara kubwa ni mtoto aliyerudi kutoka uhamishoni.

Nalisema hili nikiwa mmoja wao. Nilizaliwa Mishamo, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, nikasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008, watu zaidi ya 50,000 wa kundi letu walirejea. Watoto waliojua vizuri mzizi, shina na jani walikuta masomo yakitolewa kwa Kirundi cha vitabuni, na madarasa ya juu kwa Kifaransa. Wengi walirudishwa nyuma, wakakaa dawati moja na wadogo zao. Hawakuwa wajinga, ila walikosa maneno. Leo mtoto anayetoka Nakivale, Uganda, ambako wenzake husoma kwa Kiingereza, hukutana na ukuta uleule.

Sasa mpe mtoto huyo shina bichi la lengalenga, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita mchicha. Mwambie asinakili ubao, achore anachokiona. Aanze na mshipa wa kati, kwani ndio unaoonyesha jani limeinama wapi. Kisha kingo, halafu mishipa ya pembeni. Akigeuza jani ataona mishipa imejitokeza zaidi upande wa chini. Atazame kikonyo ni kirefu kiasi gani, na majani yameshikaje kwenye shina: hayaoti mawili mawili yakitazamana, bali moja huku, jingine juu yake upande mwingine. Mtoto aliyeyachora hayo yote ameshatoa jibu la somo la sayansi, hata kama hajatamka neno moja la Kifaransa. Maneno atayaandika baadaye pembeni ya mchoro, na hatayasahau kwa sababu kila neno lina mahali pake.

Akina mama wanaovuka Mugina kwenda Manyovu wananielewa. Sokoni jina hubadilika ukivuka mpaka, lakini jani halibadiliki. Mboga tunayoiita isogo, wenzetu wanaiita mnavu. Anayeijua kwa macho, kwa maua yake madogo meupe na matunda yake ya mviringo, hauziwi kitu kingine. Hata usalama umo humo. Mnanaha, mmea wenye sumu kali, huota kwenye majalala na mashamba yaleyale yanayoota lengalenga. Jani lake lina kingo zenye meno, na ua lake ni refu kama tarumbeta. Mtoto aliyezoea kutazama kingo za jani hatauchanganya kwenye kikapu cha mboga.

Najua walimu wenzangu watasema madarasa yamejaa, vifaa hakuna, na mtihani wa taifa hauulizi mchoro wa mboga. Madarasa yamejaa kweli. Lakini lengalenga huota lenyewe nyuma ya shule, na shina moja linawatosha watoto wanne. Penseli na karatasi wanazo. Kuhusu mtihani, mtoto asiyejifunza kutazama atakariri majina ya sehemu za mmea leo, na kesho yamemtoka.

Wito wangu kwa wakuu wa shule ni huu: mtoto aliyerejea anapofika, msimpange darasa kwa kusikiliza lugha yake peke yake. Mpeni penseli na jani, mkae naye nusu saa, mtazame anachojua. Nanyi wazazi, mkitoka sokoni, kabla mboga haijaingia sufuriani, mwacheni mtoto achore shina moja. Halitaharibika, na jioni litaliwa kama kawaida.

Lugha atajifunza, kama tulivyojifunza sisi. Miaka aliyorudishwa nyuma hakuna atakayemrudishia.