Tusimsingizie Ibn Majid

Vijana wetu wanapenda sana mashindano ya maswali. Nani alijenga hiki, nani alivumbua kile. Likija swali la mtu aliyempeleka Vasco da Gama Bara Hindi, hujibu kwa kishindo: Ahmad bin Majid! Na wazee hupiga makofi, kwa kuwa Mwislamu ametajwa. Mimi nasema makofi hayo si mahali pake.

Habari hii kaileta nani? Aliyemtaja Ibn Majid kwa kazi hiyo ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, katika tarehe ya Yemen aliyoiandika katika miaka ya 1570. Safari yenyewe ni ya 1498, naye kazaliwa 1511. Lau ingekuwa ni hadithi, mwanafunzi wa darsa angeuliza papo hapo: baina yako na tukio yuko nani?

Tena wanaojisifu kwa habari hii huikata mkia. Al-Nahrawali anasema kwamba mkuu wa Wareno alifanya urafiki na Ibn Majid, wakalewa pamoja, na katika ulevi wake akamwonyesha njia. Hayo ndiyo mnayoyashangilia? Mnamtia Mwislamu katika ulevi, maiti asiyeweza kujitetea, kisha mnaita fahari! Na Surat al-Hujurat mnaisoma.

Wareno wenyewe wanasema mengine. João de Barros, katika kitabu kilichotoka 1552, anamtaja rubani aliyetolewa Malindi kuwa ni Mwislamu wa Gujarati, na anamwita Malemo Cana. Hiyo Malemo si jina, ni "muallim", na ndivyo wanamaji walivyomwita mjuzi wa njia. Ibn Majid ni mtu wa Julfar, katika Ghuba. Wala katika vitabu vyake hakudai kumwongoza Mreno yeyote.

Mkitaka fahari, itafuteni katika ilimu yake. Kitabu chake Al-Fawaid, cha karibu ya mwaka 1490, kimekusanya nyota, misimu ya pepo, njia na bandari. Thamani ya ilimu ya namna hiyo itazameni katika safari ile ile. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani, kusi ndiyo inaanza. Tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Siku 26. Wakati wa kurudi aling'oa nanga mwanzo wa Oktoba, hakungoja kaskazi. Akatangatanga karibu miezi mitatu, watu wake wakifa kwa kiseyeye, hata alipofika pwani yetu Januari 1499 ikambidi aichome moto merikebu yake moja kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Bahari ni ile ile, na mtu ni yule yule. Mvuvi wa Lamu asiyejua alifu wala be angemwambia: bwana, ngoja upepo.

Hayo hayaulizwi katika mashindano. Wala haliulizwi la mwaka 1502, aliporudi mara ya pili akaichoma merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, wanawake na watoto wamo ndani. Mtoto anajua mwaka wa "kuvumbua", hawajui waliochomwa.

Walimu wanaotunga maswali ya madrasa walitoe jina la Ibn Majid katika jibu hilo kabla ya mashindano ya Mfungo Sita, na mahali pake waulize habari za kusi na kaskazi.