Haki ya Mnunuzi Haitokani na Sare

Askari wa Kenya hununua shati jipya kwa mshahara wake. Baada ya siku mbili mshono wafumuka. Akirudi dukani aonyeshwa kibao: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Kibao hicho hakishindi sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 hubatilisha masharti yanayoikana haki hiyo.

Kwa hiyo twawaasa ndugu zetu wa ulinzi: tunzeni risiti, rudini mapema, daini kwa adabu. Kumtisha mwenye duka kwa sare ni kuivunja sheria ile ile inayowalinda. Dukani, askari na mkulima wako sawa.