Kuku Baridi Ruksa, Kuku wa Moto Hapana

Marekani kuna familia nyingi za Kikongo zilizopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, na kwenye vikao vyao kadi ya EBT haikosi kutajwa. Ni kadi ambayo serikali huiingizia fedha za SNAP, msaada wa chakula ambao wengi bado wanauita fudi stempu, ingawa stempu zenyewe za karatasi ziliondolewa kote mwaka 2004. Sauti za WhatsApp zimeibebesha kadi hii mambo ambayo haina. Tuyapitie.

"Hiyo ni hela tu, watu wanainunulia bia na sigara." Anayesema hivi hajasimama kwenye kaunta. Kwanza duka lenyewe lazima liwe na kibali cha Wizara ya Kilimo. Pili, keshia hana la kuamua, kwani mashine ndiyo inayosoma alama ya kila bidhaa. Mama ameweka mchele, maharage, mapaja ya kuku, sabuni ya kufulia na nepi za mtoto. Anapitisha kadi, anachagua upande wa chakula, anabonyeza tarakimu nne za siri. Mchele, maharage na kuku vimelipwa. Sabuni na nepi bado zinadai, na hizo atazitolea noti mfukoni. Bia na sigara ni hivyo hivyo, hata vidonge vya vitamini.

Na si kila chakula kinapita. Kuku wa kuchoma anayezunguka ndani ya kioo cha duka, bado wa moto, kadi haimnunui, kwa sababu sheria inakataa chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Asipopata mnunuzi, duka likampoza na kumweka kwenye friji, kadi inamnunua. Kuku ni yule yule! Mbegu za mchicha za kupanda uani, ambazo hakuna azilaye leo wala kesho, nazo ruksa. Kwa maoni yangu kipengele hiki cha kuku hakimzuii mlevi hata mmoja. Kinachofanya ni kumbana mtu aliyetoka zamu ya pili saa nne usiku, hana nguvu za kuwasha jiko. Na masharti yanazidi kukazwa: mwaka 2025 Nebraska ilikuwa jimbo la kwanza kupewa idhini ya kuzuia soda.

"Usipozimaliza mwezi huu, zinachukuliwa." Hapana. Salio linaingia mwezi unaofuata, na limeandikwa kwenye risiti. Linapotea likikaa miezi tisa bila kuguswa. Hakuna haja ya kugombania gunia la mchele tarehe 30.

"Inalea uvivu." Katika mwaka wa fedha wa 2024, wastani wa msaada ulikuwa kama dola 187 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola sita na ushee kwa siku, kwa milo yote. Huo si uvivu wa kutamaniwa. Kati ya watu zaidi ya milioni 41 waliopokea kila mwezi, karibu wanne katika kila kumi walikuwa watoto, na wengine wengi ni wazee na walemavu. Mtu mzima mwenye afya asiye na mtoto wa kulea anatakiwa afanye kazi au mafunzo kwa saa 80 kwa mwezi. Asipofanya, anapata miezi mitatu tu katika miaka mitatu. Sheria ya 2025 imelisogeza sharti hilo kutoka umri wa miaka 54 hadi 64.

Ukweli upo sehemu moja. Wapo wanaoogopa zamu ya ziada wasije wakapunguziwa. Hesabu yenyewe ni kwamba, baada ya makato, kila dola ya kipato inapunguza msaada kwa senti 30 hivi, kwa hiyo aliyefanya kazi zaidi bado anabaki na zaidi. Ila akivuka kikomo cha kipato, msaada unakatika moja kwa moja, na hapo hofu yake ina sababu.

"Wahamiaji ndio wanaoimaliza." Wapokeaji walio wengi mno ni raia waliozaliwa Marekani. Asiye na hati hastahili SNAP. Wakimbizi walistahili tangu walipotua, mpaka sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipowaondoa hadi wapate ukaazi wa kudumu. Na mkimbizi haruhusiwi kuomba ukaazi huo kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini. Kwa hiyo familia inakatiwa chakula kipindi kile hasa ambacho baba hajapata kazi na mama hajui basi gani linakwenda wapi.

"Wenye kadi ndio wezi." Wapo wanaomuuzia mwenye duka salio kwa nusu bei. Wizara ya Kilimo ilikadiria kwamba kati ya 2012 na 2014 ulanguzi huo ulichukua kama senti moja na nusu ya kila dola, ambayo kwa mwaka ni kama dola bilioni moja. Si haba, lakini haufanyiki bila mwenye duka, maana mashine ni yake.

Wizi unaowaumiza wenye kadi ni mwingine. Wakati kadi za benki zimeshawekewa chipu, EBT nyingi zimebaki na ukanda wa sumaku. Mwizi anabandika kifuniko bandia juu ya mashine ya kaunta, ananakili ukanda pamoja na namba ya siri, anatengeneza kadi pacha, kisha anasubiri usiku wa fedha kuingia. Asubuhi mama yuko kaunta na toroli limejaa, salio sifuri. Fedha za serikali kuu za kufidia wizi huo zilihusu uliotokea kuanzia Oktoba 2022, na zikakoma tarehe 20 Desemba 2024. California ilianza kutoa kadi zenye chipu mwaka 2025. Kwenye majimbo ambayo bado, badilisha namba ya siri siku moja kabla ya fedha kuingia, funga kadi kwa simu kama jimbo lako linaruhusu, na kabla ya kuipitisha vuta kidogo kifuniko cha mashine. Kikicheza, nenda kaunta nyingine na umwite meneja.