Kila Mashua Ijue Mahali Ilipo

Wavuvi wa Karungu wanajua hasara ya kuvuka mpaka ziwani. Mpaka huo hauna jiwe wala mti. Wako wavuvi wa Kenya waliokamatwa, wakanyang'anywa nyavu na injini. Mwaka 2009 ugomvi wa Kisiwa cha Migingo ulikuwa mkubwa hata Kenya na Uganda zikatuma wapimaji. Mvuvi asiyejua mahali alipo atajitetea kwa neno gani?

Dawa ipo. Setilaiti za Marekani za GPS huzunguka dunia kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, zikitangaza saa bila kukoma. Simu hupima muda ambao tangazo limechukua kufika. Mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, basi muda huonyesha umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali. Ya nne husahihisha saa ya simu, maana sekunde ikigawanywa mara milioni, kosa la sehemu moja tu ni mita 300.

Kazi hiyo haihitaji mtandao wala salio. Lakini ramani yenye mpaka iwekwe ndani ya simu kabla ya kuondoka ufuoni.

Shauri letu ni hili: viongozi wa ufuo wa Sori wawafundishe manahodha wote. Kila mashua ichukue simu yenye chaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mkisimamishwa na askari, andikeni mara moja saa na namba za mahali mlipo. Simu ni rahisi kuliko injini.